Sekunde Arobaini za Ngazi

Saa nane na robo mchana Katibu alitoka kazini kwake, kwa dobi, amebeba kitambaa cheupe mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa amekipiga pasi mara tatu. Kitambaa hicho ndicho kingekuwa skrini, na filamu ilikuwa saa kumi kamili. Kwa hiyo alibakiwa na saa moja na dakika arobaini na tano za kumwambia kaka yake jambo alilomficha tangu akiwa na miaka kumi na mitatu.

Alipiga moyo konde. Alipofika kona ya karakana, moyo wenyewe ulikuwa umeshalegea.

Kaka yake alikuwa fundi wa makochi. Siku hiyo alikuwa ametoa nje mbao, cherehani na magunia ya sponji, akapanga makochi ya wateja safu tano, mengine bado yamevaa nailoni, mengine hayana migongo. Wageni wangekaa humo.

"Wenye makochi wakija," alisema alipomwona, "waambie yanapimwa nguvu."

Alikuwa amevaa fulana mpya. Kifuani imechorwa ngazi ndogo nyeusi, na chini yake maneno mawili: NILIISIKIA NGAZI. Fulana nyingine thelathini na sita za namna hiyo zilikuwa kwenye boksi mlangoni.

Habari ya Ngazi ni hii. Kulikuwa na mpiga kinanda wa roki ambaye watu walimwita Vidole, kwa sababu mkono wake mmoja ulifika mahali ambapo wengine walihitaji miwili. Sasa ni mzee, amepita sabini na tano. Zamani sana bendi yake ilipiga onyesho moja tu katika mji huu, na kaka, wakati huo kijana wa miaka kumi na tisa, aliingia na redio kaseti chini ya koti akarekodi onyesho zima. Katikati wenzake waliweka vyombo chini, Vidole akapiga peke yake dakika sita. Hakuna mtu mwingine aliyezirekodi dakika hizo.

Kaka aliifunga kanda ile kwenye kitambaa, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Mdogo wake, ndiye Katibu huyu, wakati huo msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akiisikiliza kwa siri kila kaka akitoka. Siku moja, badala ya kubonyeza kitufe kimoja, alibonyeza viwili, cha kuchezea na cha kurekodia. Alipogundua, sekunde arobaini za Vidole zilikuwa zimefutika, na mahali pake anasikika kuku wa jirani akitetea.

Baba yao alikuwa fundi wa redio na vinanda, na wiki hiyo nyumbani kulikuwa na kinanda cha shule kilicholetwa kutengenezwa. Msichana huyo alikuwa ameihifadhi kanda nzima kichwani, sauti kwa sauti. Akakiwasha kinanda. Redio kaseti akaitia ndani ya pipa tupu la maji ili sauti iwe na mwangwi wa ukumbi, akasugua gunia kwa mguu pawe na makelele ya watu, akapiga zile sekunde arobaini juu ya kuku. Taabu ilikuwa mikono. Pale Vidole alipotandaza mkono akashika sauti mbili za mbali kwa pamoja, vidole vyake yeye havikufika. Basi alizipanda moja moja, mbiombio, kama mtu anayekimbilia juu ya ngazi.

Kaka aliporudi na kusikiliza alisema tu, "Hapa mara ya kwanza sikupasikia vizuri." Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, machozi yakamlenga.

Kutoka hapo mambo yakaenda yenyewe. Kaka alitoa nakala, nakala zikazaa nakala. Kipande kile wakakiita Ngazi. Kikaanzishwa chama cha Wana-Vidole, kaka akawa Mwenyekiti, na yeye, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka na hapendi kusema sana, akapewa ukatibu. Walikuwepo watu wazima, wenye wajukuu, ambao wakingoja chai walikuwa wakipiga Ngazi mezani kwa kucha. Nesi wa zahanati, mwanachama wa siku nyingi, aliingia ukumbini siku ya ndoa yake kwa Ngazi.

Kisha zikaja habari za filamu ya maisha ya Vidole. Watu waliingoja miaka mitatu, ikaahirishwa mara mbili. Mwishowe kikatoka kionjo, kipande kifupi cha filamu: mzee amevaa visikizio masikioni, amefumba macho, anavivua, anafungua mdomo, giza. Chama kizima kilijua alikuwa akisikiliza nini, maana Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewapelekea kanda watengenezaji. Kilichobaki ni kujua mzee amesema nini. Mwenyekiti alikuwa na jibu lake. "Atasema hapo ndipo alipofika juu kuliko siku zote."

Katibu ndiye pekee aliyejua mzee amesema nini. Wiki tatu nyuma simu ilimkuta kazini, mwanamke mwenye sauti ya adabu anatoka kwa watengenezaji wa filamu.

"Mzee anasema kwenye kanda yenu kuna kipande si chake. Amesema mbele ya kamera, na tumeyaacha maneno yake hivyo hivyo. Mwenyekiti ana maelezo yoyote? Tungeandika mstari mmoja chini."

"Nitamuuliza," Katibu alisema.

"Tafadhali, kabla ya Ijumaa."

Alipoweka simu chini, kola ya shati la mteja ilikuwa imeungua. Ijumaa ikapita. Katika mkutano wa mwisho wa chama, Kinyozi, mwanachama mwenzao ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisema kanda ile ina mahali iliposhonwa, alitamka mbele ya wote kwamba kama kanda si safi, Mwenyekiti naye si safi. Kaka alicheka tu.

Sasa kaka alikuwa juu ya stuli, misumari mdomoni.

"Shika ncha hiyo, vuta. Vuta, mdogo wangu, kina tumbo katikati."

Alivuta. "Kaka, shuka kwenye stuli."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza. Nikikwambia ukiwa juu utaanguka."

"Kama kile kiungo cha kufungulia filamu hakijaja kwenye simu yako, sema. Mimi nimeshajikaza kisabuni."

"Kimekuja. Ngazi si ya Vidole."

Kaka alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akashuka. "Kinyozi amekujaza maneno."

"Sijasema na Kinyozi. Niliipiga mimi."

Akamweleza, macho sakafuni: vitufe viwili, kinanda cha shule, pipa, gunia. Alipofika kwa kuku, kaka alikaa kwenye kochi lisilo na mgongo, nusura aende chali.

"Mwishoni mwa Ngazi," alisema polepole, "kuna kitu kinalia. Miaka yote nawaambia watu ni mwanamke aliyezimia kwa furaha."

"Ni kuku. Sikuweza kumfunika wote."

Kaka alijipangusa uso kwa fulana. Ilionekana kama anataka kucheka na hajui aanzie wapi.

"Na mzee anajua?"

"Anajua si yeye. Amesema ndani ya filamu. Walinipigia wiki tatu zilizopita, wakitaka jibu lako."

Hapo kicheko kilipotea kabisa. "Wiki tatu."

"Niliogopa."

"Ile ya kanda naielewa, ulikuwa mtoto. Wiki tatu zilizopita ulikuwa nani?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Kaka aliinuka, akashika waya wa projekta, akauzungusha mkononi.

"Nitasema umeme umeharibika."

"Wataitazama kwenye simu zao, kaka. Saa kumi inafunguliwa kwa vyama vyote vya mashabiki, watatumiwa na wenzao."

Aliuachia waya. "Basi ukae nyuma huko na mashine yako. Leo usikae karibu na mimi."

Hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Katibu alikwenda nyuma akasimama kando ya projekta.

Watu walianza kuja saa tisa na nusu. Nesi alifika na dawa za watu bado mfukoni, akajipa kazi ya kugawa fulana, na kila aliyepewa aliivaa papo hapo juu ya nguo zake. Makelele yakajaa. Wengine walibishana kama mzee atalia au hatalia. Kinyozi aliingia wa mwisho, kitana kikichungulia mfukoni, akaikataa fulana kwa mkono.

"Mwenyekiti, mbona umepauka? Utadhani umenyolewa kwa wembe butu."

"Vumbi la sponji."

"Pole. Mimi leo hata hotuba yako sitaki. Nataka kumsikia mzee mwenyewe."

Hotuba aliyokuwa ameiandika kurasa tatu ilibaki mfukoni. "Karibuni," kaka alisema. "Tutazame."

Saa kumi ilipogonga, vichwa vyote viligeuka kumtazama Katibu, kwa kuwa simu ilikuwa kwake. Alibonyeza.

Filamu ilikuwa nzuri, na hilo lilimwumiza zaidi. Alionekana Vidole kijana mwenye nywele za kumfikia mabegani, Vidole akigombana na bendi yake, Vidole hospitalini, Vidole akirudi jukwaani kwa fimbo. Watu walicheka, walipiga miluzi. Kaka, mstari wa kwanza, hakutikisika. Katibu alikuwa akikitazama kisogo chake na dakika zikihesabika pembeni mwa simu. Ilipofika ya hamsini na mbili, skrini ilijaa uso wa mzee, amevaa visikizio.

Ngazi ikapigwa karakana nzima. Vidole vya watu vilianza kucheza magotini, safu tano, pamoja, bila kuambiana.

Mzee alivua visikizio.

"Hapa si mimi," alisema.

Vidole vilisimama. Wengine walichelewa kidogo, nailoni ya makochi ikasikika ikikwaruza.

"Mkono wangu unafika, sina haja ya kupanda hivyo. Huyu ana mkono mdogo. Na ana haraka, kama anaogopa mtu atafungua mlango." Mzee alifikiri. "Ni nani, sijui. Muulizeni mwenye kanda."

Chini ya uso wake yakatokea maandishi: Chama chenye kanda kiliulizwa, hakikujibu.

"Simamisha," alisema Kinyozi. Katibu alisimamisha. Uso wa mzee uliganda kitambaani, na Kinyozi akasimama mbele yake, nusu ya maandishi yamemwangukia kwenye shati. "Mwenyekiti. Umeulizwa, ukanyamaza."

Kaka aliinuka. Hakugeuka nyuma.

"Kila mwaka nasema kanda ina mshono, naambiwa nina kijicho. Kumbe fundi wetu akimaliza makochi anashona na muziki." Wachache walicheka, kicheko kibaya. "Nani alipiga?"

Katibu alingoja kidole cha kaka kimwelekee. Alijua ni haki yake.

"Mimi," kaka alisema. "Nilikuwa kijana. Kanda ilikatika, nikaogopa kuipoteza."

"Mzee amesema mkono mdogo. Ndio huo?"

Kaka alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kukunja springi na kupigilia mbao, kidole gumba kimoja ukucha umekufa. Safari hii walicheka wengi. Alijaribu kuificha mfukoni, haikuenea.

"Ni mimi," Katibu alisema.

Hakuna aliyesikia. Alirudia, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Niliipiga mimi. Nilifuta kanda yake kwa bahati mbaya nikajaza. Na simu ya kuulizwa niliipokea mimi, sikumwambia. Amejua leo saa tisa, akiwa anatundika hicho kitambaa."

"Katibu, kaa," Kinyozi alisema, karibu kwa upole. "Usijitie motoni kwa ajili ya kaka yako."

"Kaka, waambie."

Watu walimgeukia Mwenyekiti. Kama angeshikilia alichokisema, wangemcheka mpaka basi, lakini yeye Katibu angebaki salama nyuma ya mashine, vilevile alivyobaki siku zote. Na kama angesema kweli, miaka yote aliyowahubiria watu hawa ingekuwa habari za msichana, pipa na kuku.

"Ni yeye," kaka alisema. "Nimejua leo."

"Sasa tumwamini yupi? Wewe wa dakika moja iliyopita, au wewe wa sasa?"

"Wa sasa. Yule mwingine alikuwa anamficha mdogo wake." Alichomoa kurasa tatu za hotuba, akamkabidhi Kinyozi. "Uenyekiti huo hapo. Nyuma ya karatasi kuna nafasi, andika yako. Ila filamu ni ya mzee, si yetu, na haijaisha."

Kinyozi alizipokea karatasi akabaki nazo mkononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike kidogo. Nesi, mstari wa pili, alikuwa amegeuka kabisa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Niliingia ukumbini kwa hiyo siku ya ndoa yangu," Nesi alisema. Haikujulikana kama ni lawama. Alitazama ngazi iliyochorwa kifuani pake, akaivuta fulana chini, akaiweka sawa, lakini hakuivua. Wawili nyuma yake walizivua.

Kaka alipita kati ya makochi, watu wakikunja miguu kumpisha, akaja mpaka nyuma, akakaa kwenye gunia la sponji kando ya projekta. Hakumtazama.

"Jumatatu utawapigia wale watu uwape jibu lao."

"Sawa, kaka."

"Utapiga mbele yangu. Nisikie kila neno."

"Sawa."

"Na usidhani yale ya wiki tatu yameisha."

"Najua."

Kaka hakuhama pale kwenye gunia. "Washa," alisema, na Katibu akabonyeza, na mzee akarudi kwenye kinanda chake akaanza wimbo mwingine.