Tembo Aliyebeba Ukungu

Cynthia alikuwa na mwaka wa nane akipanga kurasa za vitabu vya mazishi, vile vyenye picha na wasifu wa marehemu. Duka la uchapishaji alikofanya kazi pale Voi lilichapa pia kadi za harusi na mabango ya kanisa, lakini vitabu vya marehemu ndivyo vilivyojaza wiki. Kwa hiyo jioni moja binti yake Shanice, aliyekuwa na miaka mitano, alipomwomba amchoree kitu ambacho si mtu aliyekufa, Cynthia alicheka, kisha akaona haya. Akachukua karatasi, akamchorea tembo.

"Huyu anaenda wapi?" Shanice akauliza.

Jibu likamtoka bila kulitafuta, kwa maneno yaleyale ya nyanya yake wa Werugha, kule milimani. Mwaka mmoja wa kiangazi, ukungu wa milimani ulishuka nyikani kutazama dunia, ukaishiwa nguvu kwa jua, ukashindwa kupanda tena. Wanyama wote waliuogopa, maana haushikiki. Tembo peke yake aliinama, akaubeba mgongoni, akaanza safari ya kuurudisha nyumbani huku akiuimbia: Shikilia, mgeni wangu, shikilia, nasikia baridi ya kwenu.

Michoro ile ikazidi kuongezeka mpaka ikawa kitabu. Tatizo lilikuwa mwisho. Nyanya, ambaye jina lake ni Wakesho, kila mara alikomea mahali pamoja: tembo akafika kwenye jiwe kubwa, akapiga magoti. Basi.

"Halafu, Nyanya?" Cynthia alikuwa amemuuliza tangu utotoni.

"Mama alifika hapo, usingizi ukanichukua. Akasema atamalizia kesho. Kesho yake aliamka mgonjwa, hakupona. Nilikuwa na miaka sita." Baadaye baba yake alioa tena, na watu wa upande wa mama wakapotea mmoja mmoja.

Cynthia akabuni mwisho wake: ukungu ukashuka, ukasema asante, tembo akarudi zake. Hakuupenda, lakini kitabu hakiwezi kuachwa kimepiga magoti. Akachapa nakala ishirini za majaribio, na mwalimu mmoja aliyeitwa Crispus, aliyeiona moja dukani, akamwalika awasomee watoto wa shule yake huko Kishushe.

Pikipiki iliyompeleka ilimfikisha akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Watoto wakakaa chini, yeye akainua kitabu juu ili picha zionekane na nyuma. Mlangoni alisimama mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye aproni, mwiko ukiwa bado mkononi.

Cynthia alisoma kwa Kiswahili. Alipofika pale tembo anapoinama, akanyamaza kidogo ili afungue ukurasa wa wimbo. Kabla hajaufungua, mpishi akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani. Yalikuwa maneno yale ya Nyanya, na tuni ileile yenye kupanda ghafla katikati, ambayo Cynthia hakuwahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Nywele zilimsimama. Kitabu kilibaki hewani.

"Mama," akasema, "huo wimbo umeutoa wapi?"

"Si ni wa tembo?" Mpishi naye alishangaa. "Nyanya yangu alituimbia. Wewe ndiye ninayekuuliza, umeutoa wapi?"

"Tembo alipopiga magoti kwenye jiwe, ilikuwaje?"

Darasa zima likamgeukia mpishi. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Ukungu ulimuuliza anataka malipo gani. Akasema hataki kitu, ila mgongo wake umezoea ubaridi, sasa utakuwa mtupu. Ukungu ukamwambia, nikipata nafasi nitashuka asubuhi nikuguse. Ndiyo maana tembo hujimwagia vumbi mgongoni. Anapaweka tayari kwa ukungu."

Cynthia, aliyewaona tembo tangu kuzaliwa kwake wakijirushia vumbi ng'ambo ya ua wa mbuga, alihisi kana kwamba hajawahi kuwaona hata siku moja.

Mpishi aliitwa Mkawasi. Nyanya yake alikuwa Malemba, mzaliwa wa Werugha, aliyeolewa Kishushe akiwa msichana.

Jumamosi hiyo wakapanda mlimani pamoja hadi Werugha. Nyanya Wakesho alikuwa jikoni, miaka themanini na minne, akimenya viazi. Cynthia alikuwa amepanga maneno mengi ya kumtayarisha, lakini Mkawasi aliketi tu kwenye kigoda, akasalimia, akaanza: tembo akafika kwenye jiwe, akapiga magoti.

Kisu kikatulia mkononi mwa Nyanya. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akasema polepole, "Kumbe ukungu ulifika nyumbani." Akaongeza, "Rudia."

Mkawasi akarudia. Nyanya alilia bila sauti, mdomo wake ukiyafuata maneno kama mtoto anayejifunza.

"Malemba ni mdogo wake mama," akasema hatimaye. "Siku tuliyomzika mama, yeye ndiye aliyenibeba. Wewe ni mwanangu." Akamshika Mkawasi kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda mrefu. "Na ile hadithi ya msichana aliyefuga radi, nyanya yako alikwambia?"

"Alinipa mwanzo tu," Mkawasi akajibu. "Alisema kilichobaki alikuwa nacho dada yake."

"Ninacho mimi," Nyanya akasema.

Miaka thelathini na nne Cynthia alikuwa mjukuu wa mwanamke huyu, na hakuwahi kusikia habari ya msichana wala radi. Alikuwa na penseli mkononi. Akaiweka chini, akavuta kigoda karibu na moto, huku Nyanya akisafisha koo.