Soksi za Babu Zashuka Mlimani

Siku moja ya jua kali katika mwezi wa nne, saa saba na robo mchana, Wen Jibin alibeba ngazi na kikapu akapanda kwenda kuchuma mti mkubwa wa chai wa nyumbani kwao, akakuta shimo. Shimo lilikuwa safi, kingo zake zimesawazishwa, kama kitanda cha mtu aliyekitandika kabla ya kutoka. Jibin akatua ngazi, akavuta sigara moja, akatazama mteremkoni. Mti ulikuwa hatua arobaini chini, katikati ya kabichi za Bibi Ruilian.

Akashuka na ngazi yake, akaiegemeza, akachuma. Huku mlima wa Fenghuang majani huchumwa umande ukishakauka na kabla jua halijalegea, na saa hizo chache hazimngoji mtu aliyeduwaa.

"Uambie mti wako ukanyage taratibu," Bibi Ruilian alisema kutoka dirishani. "Kabichi hizo nimezipanda kwa mgongo wangu."

"Haunisikii, Bibi."

"Hilo najua. Hata mkeo hakusikii."

Mti ule ulikuwa na miaka mia mbili na ushei. Huku kila mti mkongwe huchumwa peke yake, hukaangwa peke yake na huwa na jina lake, kwa kuwa mmoja hunukia asali na jirani yake hunukia tangawizi, na ukiwachanganya umewaharibu wote wawili. Mti wa kina Wen ulinukia maua ya mbalungi, na jina lake lilikuwa Soksi za Babu. Mzee wa zamani aliuita hivyo makusudi ili majirani wasije kuomba vipandikizi. Majirani hawakuja. Mmoja wao, kwa akili hiyo hiyo, aliuita wa kwake Mavi ya Bata, na yeye pia akaishi kwa amani.

Tangu akiwa na miaka kumi na miwili, mwaka aliokufa mama yao, aliyeutunza mti huo alikuwa Suqing, dada yao mkubwa. Jibin na Jitao walikuwa shuleni. Wachumba walikuja, na kila alipokuja mchumba baba yao, Mzee Wen, alikumbuka kwamba mavuno yamekaribia. Mavuno yana tabia hiyo, hukaribia kila mwaka. Suqing alipofika miaka thelathini na tisa, na kaka zake wote wawili wakiwa na wake wa kuwapikia, akaruhusiwa kuolewa na Ke Bingzhou, mjane mtengeneza tofu, lile jibini la soya, wa kijiji cha Xipu, bondeni kabisa.

Bingzhou alileta makopo mawili mekundu ya chai, kama aletavyo kila mposaji. Mti wa chai ukihamishwa hufa, ndiyo maana chai hupelekwa kwenye posa. Bibi Ruilian alimchana nywele bibi harusi akamwambia, "Uwe kama mti wa chai, mwanangu. Ukishapandwa, tulia hapo hapo." Suqing akaitikia. Mti wenyewe haukuwepo kwenye mazungumzo hayo.

Wiki hiyo hiyo Mzee Wen aligawa miti. Ya juu alimpa Jibin, ya chini alimpa Jitao, na Soksi za Babu akawapa wote wawili kwa pamoja. Suqing alipewa mablanketi mawili, chupa mbili za kuwekea chai na hereni. Asubuhi ya harusi alipiga magoti kumpa baba yake kikombe cha kuagana.

"Baba," alisema, "nipe Soksi. Mengine sitaki, hata blanketi nitaacha."

Mzee Wen akanywa, akarudisha kikombe.

"Chai nzuri," alisema.

Basi mti uliondoka wiki sita baada ya harusi. Ulikuwa ukitembea mchana, watu wanapojinyoosha baada ya chakula, hatua ishirini leo, thelathini kesho. Jibin aliufunga kwenye jiwe kwa kamba ya kuvutia gari. Kesho yake mti ulikuwa kando ya barabara, na jiwe pia. Jitao, aliyesoma chuo, akapigilia vigingi vya chuma kuuzunguka, na mti ukaondoka navyo vikiwa vimening'inia mizizini kama funguo za mama mwenye nyumba. Ulipofika lami, madereva walipiga honi siku mbili, kisha wakazoea kuukwepa. Mwenyekiti wa kijiji aliweka alama ya hatari mbele yake, na kila jioni alimtuma mtu akaisogeze.

Shida iliyowaumiza kichwa akina Wen ilikuwa chai. Majani ya mwaka ule waliyatengeneza wenyewe, Jibin akiyatikisa kwenye sinia na Jitao akisoma maelekezo kwenye simu. Mnunuzi alipanda kutoka mjini, wakaosha vikombe vitatu kwa maji ya moto, wakamimina. Mnunuzi akanusa, akaweka chini, akanusa tena.

"Hizi soksi," aliuliza, "ni za babu yupi?"

Wakamwita Suqing. Alikuja kwa pikipiki, nguo zikinukia soya, akaingiza pua kwenye sinia za majani mabichi yaliyochumwa mchana ule kando ya lami. Akayatikisa, akayalaza, akangoja, akayatikisa tena, mpaka kingo zikawa nyekundu na kati pakabaki kijani. Ilipofika siku ya kuionja, maua ya mbalungi yalijaa sebuleni hadi mlangoni. Mnunuzi akagonga meza kwa vidole viwili, kumshukuru aliyemmiminia. Aliyemmiminia alikuwa Jitao.

Suqing akasubiri mgeni atoke.

"Baba, mti unakuja kwangu," alisema. "Kila mtu anauona. Ukishafika, uwe wangu. Nitawatengenezea na ya kwenu bure mpaka nife."

"Si mimi wa kuamua," alisema Mzee Wen, aliyekuwa ameamua kila kitu tangu aote ndevu. "Twende ukumbini."

Wakaenda kwenye ukumbi wa mababu. Mwenyekiti, naye ni Wen, alitoa kitabu cha ukoo sandukuni, akalamba kidole, akafunua. Kizazi cha kumi na moja kilikuwa na jina la yule mzee wa zamani aliyeupa mti jina, majina ya wanawe watatu, na chini yao, kwa mwandiko ule ule mzuri: Soksi za Babu, mti.

Suqing akaomba kitabu. Akafunua mpaka kizazi chao. Jibin alikuwepo. Jitao alikuwepo, na wanawe, hata yule wa miezi mitatu. Akageuza ukurasa kuangalia nyuma yake.

"Unatafuta nini, mwanangu?" aliuliza mwenyekiti.

"Jina langu."

"Mabinti hatuwaandiki," mwenyekiti alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. "Si mnaondoka?"

"Mti nao umeondoka."

"Mti umeshaandikwa."

Bibi Ruilian, aliyekuja kwa ajili ya kabichi zake, alikohoa.

"Dada, usikasirike," alisema Jitao. "Mti uko safarini tu. Ni wa kwetu popote ulipo."

"Safari yake inaishia uani kwangu."

"Basi tutakuja uani kwako. Sisi si wageni."

Mti uliingia Xipu katikati ya mwezi wa sita. Suqing alikuwa amelala kidogo baada ya kula. Alipoamka, chumba kilikuwa na kivuli ambacho hakikuwepo. Nje, mti ulikuwa umesimama kati ya kisima na banda la bata, mizizi ikijipanga ardhini mmoja mmoja, kama mtu mzima anayetafuta mkao baada ya kutembea mbali. Vigingi ulikuwa umeviweka pembeni. Bingzhou alikuwa akihamisha bata.

"Nilioa mmoja, nimeletewa wawili," alisema. "Huyu wa pili angalau hamalizi wali."

"Lisogeze banda zaidi," alisema Suqing. "Hapendi kelele."

Majira ya kuchuma yaliyofuata kaka zake walikuja na ngazi. Bingzhou aliwapa tofu, wakala, wakasifu. Wakachuma mpaka alasiri. Suqing akayatikisa majani, akayalaza, akayakaanga, akayakausha kwa makaa siku kadhaa, kisha Jibin akarudi na magunia. Alikuwa mtu mwenye haya, hakupenda kuondoka hivi hivi.

"Vijiti vilivyochambuliwa kwenye chai ni vyako vyote, Dada," alisema. "Sisi hatuchukui hata kimoja."

Suqing akawa anakunywa vijiti. Havina ubaya. Vinatuliza tumbo.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya kaka zake kuja, alikuwa amekaa uani akichambua soya. Mti ukashusha tawi. Ulilishusha polepole, mpaka ncha zake zikamgusa mapajani, pale pale juu ya ungo, majani mawili na chipukizi, mawili na chipukizi, laini kama sikio la mtoto. Bingzhou akaona, akaingia ndani, akafunga mlango.

Suqing akayashika bila kuyachuma. Alijua kwa vidole kwamba kesho saa saba yatakuwa yameiva. Kisha akasimama, akainua tawi kwa mikono miwili, akalirudisha juu na kulifunga kwa utepe wa kitambaa cha kukamulia tofu, isije ikasemwa kwamba amechuma.

Kaka zake walifika mchana. Jibin akapanda ngazi.

"Nani kafunga huku?"

"Mimi," alisema Suqing. "Lilikuwa linashuka."

Jitao akanyoosha mkono, akalivuta fundo, likakaza.

"Umefanya vizuri, Dada," alisema. "Mwakani uyafunge yote."

Suqing akaingia ndani kubandika maji ya chai.