Yai Chini ya Unyayo

Kwao alikuwa fundi, tena fundi wa kutajwa. Miaka kumi na miwili alikanyaga cherehani ya miguu, na hakuna aliyewahi kumrudishia nguo. Huku ugenini mashine ya umeme ilimuumbua asubuhi ya kwanza tu. Mguu wake ulipiga kanyagio mbele na nyuma kama ulivyozoea, mashine ikatoka mbio, na kabla hajapepesa macho alikuwa ameshona kola ya shati pamoja na mkono wa shati hilohilo. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Ndiyo ufundi gani huu, dada?" msimamizi aliuliza. "Nakupa mpaka keshokutwa. Ukiharibu tena, nisikuone hapa."

Keshokutwa! Na binti yake yuko kwa bibi, anangoja mama apate kazi ndipo amfuate. Fundi alipiga moyo konde.

Jioni, akimenya vitunguu jikoni kwa kaka yake, alitia yai bichi ndani ya mfuko wa plastiki, akaliweka chini ya unyayo. Akalibonyeza kidogo, akalegeza, akabonyeza tena. Likapasuka.

"Wifi, umerukwa na akili?" mke wa kaka yake alishangaa.

"Naufundisha mguu adabu."

"Kwa mayai yangu?"

"Utalikaanga, wifi. Si limo mfukoni?"

Lilipasuka la pili. Kesho yake kazini alishona polepole mno, wenzake wakamcheka upya. Alitia masikio pamba. Jioni akachukua yai la tatu, na vitunguu vikaisha likiwa zima.

Siku ya mwisho msimamizi alisimama nyuma yake. Fundi aligusa kanyagio, mashine ikatembea kwa heshima zake. Msimamizi aliinua kola dirishani, akaigeuzageuza kama mama mkwe anayekagua sufuria. Hakupata kasoro, na alitafuta kwelikweli. Akammwagia mezani rundo la kola.

"Ziishe kabla ya saa kumi."

"Kwa hiyo nimepata kazi?"

"Unauliza au unashona?"

Fundi alishona. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa bega ili mikono isisimame.

Alipofika nyumbani alimsimulia wifi yake yote, kisha akamrudishia yai la tatu. Wifi alilipokea, akaligeuza mkononi, akatazama chumba kidogo alimolala fundi, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Sasa kitanda cha mtoto," akasema, "tutakiweka upande gani?"