Uso wa Mchele

Chunusi ni mgeni asiyepiga hodi. Kwa Paulina zilifika wiki ile ile walipoletewa salamu kwamba shangazi yake Faustin, kijana anayemposa, anakuja kumtazama. Nyingine zilitulia kwenye paji la uso, lakini kubwa lao likachagua ncha ya pua, likajenga hapo, likahamia.

Faustin mwenyewe alikuwa kwao Chita na mpunga wake, na hakuwa na neno juu ya pua. Tatizo ni kwamba kwa kina Faustin neno la mwisho si la Faustin, ni la Shangazi Dorika. Akimpenda msichana, anapiga vigelegele hapo hapo mbele ya wazee, mambo yamekwisha. Asipompenda ananyamaza, na mshenga anachukua kofia yake. Alishamnyamazia msichana mmoja wa Michenga, inasemekana kwa namna alivyopenga kamasi.

"Usikimbilie makrimu ya dukani, utababuka kama kambare wa kubanikwa," alisema Siwema, shoga yake Paulina wa nyumba ya jirani. "Tengeneza mwenyewe. Mchele si upo?"

Kuuliza mchele kwao Lumemo ni kama kuuliza matope wakati wa masika. Paulina aliuloweka, akausaga kwenye jiwe mpaka ukalainika kama poda, akatia maziwa ya mgando aliyonunua kwa mama mmoja wa Kisukuma, akatia asali, na manjano kidogo. Akakoroga. Kikatoka kitu kizito, rangi ya kifaranga, kinachonukia hadi akalamba mwiko. Akakimimina kwenye jagi, akalifunika, akaliweka mezani.

Wageni walisema watafika Jumapili baada ya misa. Sasa, kwa Mzee Theodori, baba yake Paulina, misa maana yake ni misa ya pili. Ile ya kwanza ya alfajiri wanawaachia masista na watu wasiopata usingizi. Kwa hiyo asubuhi ile baba alikuwa bado kwa kinyozi, mama anachambua mboga, na Paulina yuko uani kwenye kigoda, uso umepakwa, ameuinua juu kama anayengoja mvua. Siwema alishamwonya: usicheke, usiseme, ukikunja uso kabla haijakauka kazi yote bure.

"Hodi wenyewe!"

Watu wa Chita huamka na ndege wa mpunga. Shangazi Dorika na mshenga, Mzee Dionisi, walilala kwa ndugu zao hapo mjini, wakasali misa ya kwanza, na hao wamesimama uani.

Paulina akavuta khanga akajigubika, likabaki tundu la jicho. Bahati yake, msichana anayetazamwa akijifunika watu huita adabu.

"Shikamoo shangazi," alisema bila kufungua midomo.

"Marahaba mwanangu. Mbona unaongea kama umemeza kiazi cha moto?"

"Aibu, dada," alidakia mama yake, Klementina, huku akiwatandikia mkeka. "Huyu alizaliwa na aibu zake."

Mama akaingia ndani kutafuta cha kuwapa wageni. Akaliona jagi. Akafunua, akanusa, moyo ukamjaa: kumbe mwanangu ana akili, kaamka kawapikia wageni togwa! Akatoka nalo na vikombe.

Paulina, kwa lile jicho moja, aliona togwa yake ya uso ikimiminwa. Akafungua mdomo, akakumbuka uso haujakauka, akaufunga.

Shangazi Dorika akapiga funda. Akapiga la pili.

"Togwa hii kapika nani?"

"Si huyo huyo Paulina!" alisema mama, shingo ndefu.

"Ongeza."

Mzee Dionisi naye alishamaliza, masharubu yamekuwa ya njano.

Paulina akapima. Akisema, shangazi atanyamaza kama kwa yule wa Michenga. Asiposema, ataolewa, na kila mgeni atakayefika Chita ataambiwa aonje togwa ya mke wa Faustin, awe anawanywesha watu dawa ya chunusi mpaka azeeke. Akaiangusha khanga.

"Shangazi, usinywe. Hiyo si togwa. Ni ya kuoshea uso."

Mama akashika kiuno. Mzee Dionisi akaweka kikombe chini taratibu, kama anayelaza mtoto. Shangazi akautazama ule uso wa njano, akatazama kikombe, akaurudia uso.

"Umechovya vidole humu?"

"Hapana, shangazi. Nilichota kwa kijiko."

"Ina sabuni?"

"Mchele, mgando, asali na manjano tu."

"Sasa unanitisha nini? Vyote si vyakula!" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na haya madoa yangu ya mashavuni, yatatoka?"

"Tunaweza kujaribu."

"Nipake."

"Lakini ukishapakwa, shangazi, huruhusiwi kusema wala kucheka mpaka nikwambie."

"Mimi? Mimi nikiamua kunyamaza, nanyamaza."

Mzee Dionisi akakohoa.

Paulina akampaka kwa makini, kisha akaenda kunawa. Lile la puani lilikuwepo bado, ila sasa linang'aa. Mara baba naye akaingia anahema. Aliposikia wageni wamefika alimkimbia kinyozi, shavu moja limenyolewa, la pili lina ndevu zake zote.

Wakakaa. Mzee Dionisi akajikung'uta.

"Haya dada Dorika. Tumefika, tumeona. Unasemaje?"

Shangazi kimya.

"Dada?"

Kimya. Amekaa wima kama sanamu, macho tu yanazunguka.

Mama Klementina akaweka mikono kichwani. Baba akajishika lile shavu lenye ndevu. "Au ni mimi?" akanong'ona. Mzee Dionisi akashusha pumzi, mkono ukaifuata kofia.

Paulina machozi yalianza kumlenga. Lakini alipomwangalia shangazi vizuri, aliona yale macho hayazunguki ovyo. Yanamtafuta yeye, yanamwuliza.

"Shangazi! Imeshakauka! Sema!"

Shangazi Dorika akavuta pumzi ya kutosha watu wawili, akaachia vigelegele. Ule uso wa mchele ukapasuka kutoka kidevuni hadi kwenye paji, vipande vikaruka uani kote, naye haachi, anaendelea, mpaka majirani wakatoka na vijiko vyao mikononi. Mama akapokea vigelegele, baba akacheza kwa shavu moja.

Mzee Dionisi aliiacha kofia ilipo. Kipande kimoja kilikuwa kimemwangukia pajani. Akakitazama, akaangalia kulia na kushoto, akakila.