Uji wa Bibi Safiya

Immaculée, Mama Ciza kwa watu wa kanisani, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Kanisani kwao, katika ukumbi wa kukodi pale Ladywood, mjini Birmingham, wazee kila walipomwona amenyoosha mkono walitazama saa. Ndiyo maana Jumapili ile Papa Valère, katibu wa kanisa, alipopitisha karatasi ya kutia sahihi, alimfikia yeye wa mwisho.

Karatasi ilitoka kwa kikundi fulani cha mjini. Iliiomba serikali ipunguze viza za Waislamu na kuwapa Wakristo nafasi ya kwanza. Watu arobaini walikwisha kusaini, vikombe vya chai mkononi, bila hata kuisoma.

"Papa Valère, niulize kidogo. Batajuaje huyu ni Muislamu, huyu hapana?"

"Mama Ciza, wewe unapendaka kuuliza! Bataangalia majina. C'est clair, iko wazi."

"Na Ramazani?"

Papa Valère akakohoa. Kanisa zima lilikuwa limefunga siku tatu kumwombea Ramazani, kaka yake Immaculée, shemasi aliyekuwa kambini Burundi akisubiri viza mwaka wa tatu.

"Yeye ataweka attestation, cheti ya ubatizo. Tena itamusaidia, atapita mbele."

Atapita mbele! Tusimfichie mama wa watu, moyo ulimruka. Miaka tisa hajamtia machoni kaka yake. Akashika kalamu, na hapo ugonjwa ukamrudia: hivi kwa nini mtoto wa mlokole aliitwa Ramazani? Akaikunja karatasi, akaenda nayo nyumbani, akapiga simu.

"Kaka, hilo jina nani alikupatia?"

Ramazani akacheka. "Leo ndiyo unauliza? Mama alishikwa na uchungu jua likitua. Bibi Safiya, jirani, alikuwa amefunga, uji wa kufuturu uko tayari. Akaacha uji, akakimbia, akamuzalisha mama. Uji alikunywa mama. Baba akasema, mwezi wake ndio jina la mutoto."

"Bibi Safiya iko hai?"

"Iko hapa kambini, hema ya tatu. Binti yake iko kwenu Birmingham. Tunaendaka pamoja kila wiki kuuliza viza zetu. Sasa hiyo attestation, nikutumie picha?"

Immaculée akaikunjua tena ile karatasi. Aliiona foleni: kaka yake anapita na cheti mkononi, na bibi aliyempokea duniani anaambiwa akae nyuma. Akaona haya, kwa kuwa alikuwa ameitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote.

"Usitume," alisema.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele na kusoma majina ya waliosaini. Asumani, mpiga gitaa. Shabani na mkewe. Amisi wa kwaya. Watu walikuwa wakicheka na kusukumana, hadi alipofika kwa katibu.

"Valère Abdallah."

"Jina ni ya babu!" Papa Valère aliruka. "Mimi ni mukristo!"

"Babu alikuwa Muislamu?"

"Ndiyo."

"Angekuja leo, ungemufungia mulango?"

Immaculée akawasimulia habari ya uji. Alipomaliza, katibu aliomba kalamu, akalikata jina lake taratibu, na wengine wakapanga mstari nyuma yake.

Immaculée alikuwa amekuja na karatasi nyingine. Iliomba kwamba mtu yeyote asizuiwe kwa ajili ya jina lake wala namna anavyosali, na chini yake ilitaja wawili wanaosubiri: Safiya, kisha Ramazani.

Safari hii aliyeuliza alikuwa Papa Valère. "Mama Ciza, mbona kaka yako umemuweka wa pili?"

"Bibi Safiya hajakunywa uji wake mpaka leo."