Redio ya Mzee Remigius

"Nimekuja kuchukua redio yangu," alisema mzee Remigius, na fundi Yassin akaangusha kifaa cha kulehemu miguuni.

Msimlaumu. Mtu aliyesimama mlangoni pa kibanda chake, amevaa koti la sufu na kushika mkongojo, alikuwa marehemu. Yassin mwenyewe alikuwa amemwombea dua mwezi uliopita.

"Shikamoo, mzee," akasema hatimaye, kwa sababu hata mzuka, kama ni mkubwa kwako, unauamkia.

"Marahaba. Imepona?"

Yassin alikuwa ametengeneza redio hapo Moshi tangu ujana wake. Wapo walioleta na wasirudi tena, na zao alizipanga rafuni bila kuziuza wala kuzing'oa vipuri. Mkewe Hajira alishachoka kumwambia kwamba kibanda kimekuwa makumbusho. Redio ya mtu ni ya mtu, alijibu kila mara.

Kisha alikuja Dkt. Evelyn. Yeye na wenzake walikuwa wakitafiti zege la sumaku, yaani zege lililochanganywa na unga wa vile vijiti vyeusi vinavyonasa mawimbi ndani ya redio za zamani. Chini ya zege hulazwa nyaya za umeme, na chombo cha umeme kikisimama au kupita juu yake kinajichaji bila kuchomekwa popote. Wanatamani siku moja barabara nzima iwe hivyo. Yassin hakuelewa yote. Alielewa tu kwamba kuna watu wenye akili zao wanaozihitaji redio zake mbovu, na siku hiyo alirudi nyumbani anapiga mluzi. Hata hivyo, hakutoa kijiti chochote kabla ya kumuulizia mwenye redio. Kuhusu redio ya Remigius, mkulima mmoja wa Kilema alimjibu bila kusita: "Remigius? Huyo tulishamzika."

"Mzee," alisema Yassin, "niliambiwa umefariki."

"Na nani?"

"Mtu wa kwenu, Kilema."

"Aa! Huyo ni Remigius wa mashine ya kusaga. Kwetu kila ukoo una Remigius wake." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuwa Mwanza kwa binti yangu, nauguzwa. Haya, nipe redio."

Angeweza kusema kipuri hakijapatikana, na mzee angeondoka kwa amani. Uongo huo ulimfika mdomoni. Aliumeza, akasimulia yote: kijiti kilichong'olewa, kinu kilichokisaga, zege lililomwagwa.

Kicheko kilimtoka mzee usoni. Alikaa kwenye benchi.

"Mke wangu Mektrida hatoki kitandani siku hizi," alisema taratibu. "Na macho yamekwisha. Wajukuu wamemletea simu inayoimba, anasema inalia kama mbu. Anaitaka redio yake. Asubuhi nimemwahidi kwamba leo narudi nayo."

Yassin aliinamisha kichwa. Angekemewa, ingekuwa nafuu.

"Nipeleke basi," mzee akasema, "nikaone kaburi lake."

Uani kwa watafiti palikuwa na kipande cha zege la kijivu, kipana kama mlango uliolazwa. Juu yake ilikuwa imesimama bajaji ya umeme ya Shani, dereva aliyekubali chombo chake kifanyiwe majaribio. Dkt. Evelyn alimwamkia mzee, akaisikiliza habari yote huku amejishika shavu.

"Baba, siwezi kukutolea kijiti chako," alisema. "Vimesagwa vyote pamoja. Ila bila redio hizi tungekuwa bado tunasubiri mzigo kutoka ng'ambo. Nakushukuru sana, na pole sana."

Aliwasha swichi. Kwenye dashibodi ya Shani kikawaka kitaa cha kijani, na Shani akapiga kigelegele kana kwamba kuna arusi. Mzee alipitisha mkongojo chini ya bajaji kutafuta waya. Hakukuwa na waya. Alikitazama kile kitaa kwa muda mrefu.

"Aika," alisema kwa Kichagga. Asante. Haikujulikana anamshukuru nani.

Yassin hakuweza kuvumilia neno lile. Wamemvunjia mtu redio, naye anashukuru! Alirudi kibandani mbiombio. Vijiti vyote vilikuwa vimekwenda kwenye zege, isipokuwa kimoja, cha redio yake mwenyewe, aliyoachiwa na baba yake na ambayo aliiwasha kila asubuhi kabla hata ya kufungua dirisha. Aliifungua. Moyo ulimuuma, hilo tuseme wazi. Lakini mikono haikusita, na kijiti kikaingia katika boksi la mbao la Remigius, penye spika yake ileile.

Mzee alikuwa amemfuata na kuona kila kitu. "Na wewe utasikiliza nini?"

"Kelele za mjini, mzee. Hazihitaji betri."

Shani ndiye aliyewapandisha Kilema. Zege lilikuwa limeongeza chaji kidogo tu, nyingine alikuja nayo kutoka kwake, lakini ukimsikia ungedhani bajaji nzima inaendeshwa na redio. Penye mlima mkali Yassin alishuka akasukuma, na wanawake waliotoka kukata majani ya ng'ombe wakamcheka.

Mektrida alikuwa amelala karibu na dirisha linalotazama migomba. Yassin aliweka redio kando ya mto wake, akawasha. Ilikoroma tu. Akazungusha kitufe, ikakoroma zaidi. Jasho lilimtoka. Je, kama kijiti cha kwake kinakataa boksi la wengine?

"Igeuze," alisema mama yule. "Haijawahi kusikia ikiwa imetazama huko."

Alinyoosha mkono mwembamba, akapapasa mbao, akaigeuza mwenyewe kidogokidogo. Mkoromo ukapungua. Halafu wimbo wa zamani ukajaa chumbani, sauti nzito, na mzee Remigius akavua kofia.

"Nani ameitengeneza?"

"Fundi wa mjini," alijibu mumewe. "Yuko hapa hapa."

Vidole vya Mektrida vilitafuta hewani mpaka vikakipata kiganja cha Yassin, chenye makovu ya kulehemu. Vikakishika.

"Aika, mwanangu."

Nje, Shani alipiga honi. Jua lilikuwa linakwenda na barabara ya kushuka ni mbaya. Yassin aliisikia. Alivuta kigoda kwa mguu, asije akautoa mkono, akakaa.