Moshi wa Bi Mkubwa

Watu wanaopenda treni ni watu wa ajabu, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa na mmoja wao. Jumamosi ile asubuhi walikuwa wamejazana kando ya reli, mbele kidogo ya Gongo la Mboto, pale njia ya zamani inapokata kona na kuanza kupanda kuelekea Pugu. Wengine walikuja na kamera zenye midomo mirefu, wengine na simu tu, na bwana mmoja alibeba ngazi kutoka nyumbani kwake. Treni ya umeme ilipita kwenye njia yake, safi, mbio, imejaa abiria. Hakuna aliyeinua hata simu. Wote walikuwa wanamsubiri Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ndilo jina walilokipa kichwa cha treni cha mvuke, kizee kuliko sisi sote tuliokuwa pale. Kilikaa karakanani hadi majani yakaota kwenye bomba lake la moshi, kisha mafundi wachache wakakifufua. Mmoja wa mafundi hao, na ndiye dereva wake, ni mume wangu Ansbert. Muda wote wa matengenezo alikuwa anarudi nyumbani Segerea ananuka grisi, anakula huku anahadithia mabomba, analala huku anayataja. Mimi niliyefunga naye ndoa kanisani nikageuka bi mdogo. Sikulalamika sana, maana mwanamume mwenye furaha hasumbui mtu.

Shida ilianza siku ya majaribio. Kundi hili hili lilikusanyika kwenye kona hii hii, na Baqir, mwenyekiti wao, alimwomba Ansbert amwage moshi mweusi akifika hapo ili picha zinoge. Sasa, mume wangu ana udhaifu mmoja ambao naujua tangu enzi za uchumba: akiona kamera hajiwezi. Kwenye harusi za watu utamkuta katika picha za familia ambazo hazimhusu. Basi alifungulia mafuta, moshi ukapanda kama ghala linaungua, watu wakashangilia, na picha zikafika hadi magazetini. Bi Mkubwa naye akapanda kilima kidogo tu, akaishiwa nguvu, akasimama. Kikatumwa kichwa cha dizeli kumvuta, akarudishwa kinyumenyume mbele ya watu wale wale waliomshangilia.

Ansbert mwenyewe ndiye aliyenieleza sababu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Masizi yake yanaganda kwenye mabomba, na moto unashindwa kuchemsha maji. Nikamwambia mbona hilo hata jiko la mchina la mafuta ya taa linalijua: likifuka, sufuria inakuwa nyeusi na chai haichemki. Hakucheka. Wakubwa wa karakana walikuwa wameshamwambia kwamba ana nafasi moja tu iliyobaki. Akikwama tena, Bi Mkubwa atapandishwa juu ya zege mbele ya geti awe pambo, na yeye aende zake nyumbani akapumzike uzee.

Kupumzika kwenyewe nilikuonja kabla ya wakati, na sikukupenda hata kidogo. Wakati wa kusubiri hiyo nafasi ya mwisho alishinda kibarazani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Alifungua pasi yangu, ikawa haipati moto tena. Alifungua redio. Kwenye sala za jumuiya aliacha kuja, kwa sababu mzee mmoja alimuuliza baada ya sala kama treni yake imeshapona. Nilikuwa nampenda na nilikuwa nimemchoka, vyote kwa pamoja, na niliomba Mungu kilima kile kipandwe ili nimrudishie Bi Mkubwa mtu wake.

Kwa hiyo alipoondoka kwenda kuwasha moto nilimfungia chapati na sikumwambia neno lolote kuhusu moshi. Nilikuwa nimejiapiza. Mtu mzima anajua alipojikwaa.

Pale kwenye reli nilikaribishwa na Tazim, mke wa Baqir, ambaye huja na kachori za kulisha kundi zima na hajawahi kupiga picha hata moja. Alinipa kigoda nyuma ya kamba. Hawa watu wana sheria zao: kamba inatandazwa chini, na anayeivuka anawaharibia wote picha, atasemwa hadi mwaka uishe. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge cha njano ili mume wangu anione kutoka mbali.

Baqir alikuja kunisalimia, anang'aa uso mzima. Ana duka la vifaa vya umeme mjini na ni mtu mwema, ila akili yake yote iko relini. Alitoa leso nyeupe mfukoni akanionyesha. Alikuwa ameongea na Ansbert kwenye simu jana yake. Leso ikipepea, moshi utoke, kidogo tu, hapa kwenye kona.

Nikamuuliza Ansbert alijibu nini.

"Kasema tutaona, shemeji."

Kwa mume wangu, tutaona maana yake ni ndiyo. Nikachukua simu nikampigia, haikupatikana. Akiwa kazini huizima. Hapo nikasahau adabu. Nilimweleza Baqir habari yote ya masizi na mabomba na zege mbele ya geti, na sikuishusha sauti. Alishtuka kweli, maana muda wote alidhani siku ile kulikuwa na kifaa kimekatika. Lakini akageuka kuwatazama watu wake, wengine wametoka Morogoro kwa ajili ya picha ile, nikaona bado anapima.

"Mara moja tu, shemeji. Kidogo sana."

"Wewe unataka picha," nikamwambia. "Mie nataka mume."

Tazim alikuwa anasikia. Alisimama, akaichukua ile leso mkononi mwa mumewe, akafutia mafuta ya kachori vidoleni, akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Na mimi nikaanza kupumua.

Honi ikasikika kutoka upande wa stesheni. Watu wote wakanyamaza, kamera zikapanda. Bi Mkubwa akatokea, mweusi, anang'aa, mvuke mweupe unamtoka magurudumuni, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya kigoda changu. Sitasema uongo, ni mzuri. Kama ni mke mwenza, basi nimepewa mrembo.

Ndipo Baqir, sijui shetani gani alimpitia, akavua kofia yake nyeupe akaipeperusha juu.

Nikasimama. Nilimwona Ansbert dirishani na najua aliiona ile kofia, maana aligeuza kichwa upande wetu mara moja. Nikasubiri ule moshi kama mtu anayesubiri kofi. Kichwa kikafika kwenye kona, kikafika mbele yetu, na juu ya bomba hakukuwa na kitu isipokuwa joto linalochezesha hewa. Ansbert alikuwa ameshageuka mbele. Akatupita hivyo hivyo, na mabehewa nyuma yake, na nyuma yangu mtu akauliza kwa uchungu moshi uko wapi, utadhani ameuziwa soda tupu.

Kwa kawaida treni ikishapita wanakunja vitu vyao. Safari hii hakuna aliyekunja, kwa sababu kila mmoja aliikumbuka siku ya majaribio. Tulisimama tunasikiliza. Mlio ulipanda kilima, ukawa mzito, halafu ukaanza kupungua kasi, pale pale ulipokufa mara ya kwanza. Nilimshika Tazim mkono, naye akanishika zaidi. Mlio ukavuta, ukavuta tena, ukaendelea. Ukawa mdogo kwa sababu ya umbali na si kwa sababu ya kuchoka, kisha ukapotea kabisa.

Halafu, kutoka juu kule Pugu, honi. Ndefu, haina haraka.

Nilikaa chini kwenye kokoto na kitenge changu kipya, nikalia mbele za watu bila aibu. Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko nilivyojua, na ulishuka wote kwa mara moja. Baqir alikuja kuchuchumaa karibu yangu, kofia mkononi, akaniomba radhi. Akasema picha imetoka kavu, halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na Tazim akatupa kachori.

Ansbert alirudi jioni ana masizi hadi masikioni. Wakubwa walikuwa wamempa mkono na kumpangia safari nyingine. Hata kunawa hakunawa. Swali lake la kwanza nililijua kabla hajafungua mdomo: Bi Mkubwa ametokaje kwenye picha?

Nikampa simu. Baqir alikuwa amenitumia picha zote mbili, ya majaribio na ya leo. Kwenye ile ya kwanza, iliyotoka magazetini, moshi umefunika dirisha lote. Dereva anaweza kuwa mtu yeyote. Kwenye hii ya leo mbingu ni tupu, na dirishani yuko Ansbert mzima, mdomo ameubana, macho yako mbele kwenye njia.

Akaikuza kwa vidole viwili hadi uso wake ukajaa kioo.

"Hata kamera sijaiangalia," akasema, kama anayemshangaa mtu mwingine.

"Hata mie hukuniangalia. Na kitenge chote kile cha njano."

Akainua uso. "Kwani ulikuwepo?"

Siku nyingine yoyote swali hilo lingemlaza njaa. Nilimwambia nilikuwepo, akanawe mikono, na nikaenda jikoni kumpakulia wali huku naimba.